Vyombo vya shughuli: ninunue vyangu au niendelee kukodi? (Tanga)

MwikoMrefu aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Harusi, hitima, arobaini, kipaimara, maulidi ya madrasa, popote panapoliwa pilau na watu kuanzia hamsini kwenda juu, mimi nimo. Huu ni mwaka wa saba. Nilianza na mwiko mmoja na visu viwili, vingine vyote nakodi, na mpaka leo mwiko ndio chombo pekee ninachoweza kuapa kuwa ni changu. Ni wa mninga, alinichongea shemeji yangu wa Pangani, na mpini wake umeshakuwa mweusi kwa mafuta ya watu.

Desemba tumevunja kikoba, nimepata milioni mbili na laki tatu. Mume wangu anataka tuezeke chumba cha uani ambacho kimesimama kuta tupu tangu 2021. Nimemwambia asubiri kwanza, nina jambo langu na hizi hela. Jambo lenyewe ndilo nalileta kwenu.

Wiki ya vunja jungu mwaka jana nilikuwa na harusi ya watu mia mbili na hamsini, Chumbageni. Vyombo nilishaviwekea nafasi wiki mbili nyuma, nusu ya hela nimeshatanguliza. Ijumaa alasiri namtuma kijana na guta akachukue, ananipigia simu: "Mama, sufuria hazipo." Hazipo zimekwenda wapi na hela yangu anayo? Mwenye vyombo kumbe kapata mtu wa kumpa zaidi, maana wiki ile Tanga nzima inaoa. Akanipa tatu nyingine za kunifuta machozi. Jamani, sufuria nyepesi unaweza kuzikunja ukatia kwapani! Na sufuria tatu zina mfuniko mmoja, nao umetoka kwenye sufuria nyingine kabisa, unaingia ndani badala ya kukaa juu.

Waliopika pilau ya kilo ishirini wananielewa. Maji yakishakauka, moto wa chini unapunguza, wa juu unapalia mkaa kwenye mfuniko, ndipo wali unaiva kwa mvuke wake na kuachana punje kwa punje. Sasa mkaa nipalie juu ya nini? Tukafunika kwa sinia, tukaziba pembeni kwa unga uliokandwa. Sufuria ya kati ikashika chini. Na pilau ikishashika, hata utie gunia la iliki, harufu ya moshi inakutangulia kufika ukumbini. Niliimwaga yote kilo ishirini, nikapika wali mweupe wa haraka, nikagawa hivyo hivyo nusu kwa nusu. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Alinilipa mpaka senti ya mwisho, akasema ahsante. Mwezi wa kumi kamuoza mdogo wake yule binti, mpishi akamtoa Pongwe.

Basi juzi nikakaa na daftari langu. Naandika kila shughuli: tarehe, watu, kilo, nilichokodi. Mwaka mzima wa 2025 nilipika shughuli 38. Sufuria kubwa tatu nakodi 4,000 moja, za kati nne kwa 2,500, jumla 22,000 kila shughuli. Mara 38 inakuja 836,000. Viti mia moja kwa 400 kila kimoja, niliviweka mimi mara tisa, 360,000. Maturubai mawili kwa 40,000 kila moja, mara saba, 560,000. Ukijumlisha unapata 1,756,000. Nilijumlisha mara tatu nikidhani nimekosea. Milioni na laki saba, na ukija kwangu hakuna hata kikawa cha kukuonyesha.

Nimeulizia bei. Sufuria kubwa nzuri ni kama 160,000, za kati 70,000. Kiti cha plastiki kisichokatika mguu ni 14,000. Turubai na vyuma vyake ni 650,000. Sufuria saba, viti mia na maturubai mawili inafika 3,460,000. Nimepungukiwa milioni moja na laki na sitini. Kuna watu wa mikopo ya haraka wako tayari kunipa 1,200,000 wiki hii hii, narejesha 130,000 kila Jumatatu kwa wiki kumi na mbili.

Wateja wa siku hizi nao hawataki kuhangaika, wanataka mtu mmoja awaletee chakula, viti na kivuli. Nahisi nikiwa na vyote nitapata kazi zaidi. Lakini moyo unasita na sijui unasitia nini. Wenye uzoefu nisaidieni.

---

Kaka_Mkavu (Mwanza) aliandika:

Chukua mkopo, nunua vyote. Mwenye vyombo ndiye anayepigiwa simu kwanza, mpishi anatafutwa baadaye. Mimi nilianza hivyo hivyo kwa mkopo 2017, watu wote wakinicheka. Leo nina kirikuu cha kubebea na vijana watatu. Ukisubiri hela itimie utasubiri na wajukuu.

---

Mzee wa Daftari (Korogwe) aliandika:

Binti yangu, nakupongeza kwa daftari. Nimekuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge miaka ishirini na sita, na waliokuja dirishani kwangu na hesabu zilizoandikwa nawakumbuka kwa majina.

Ila hesabu yako umeichanganya kwenye chungu kimoja. Tuitenge.

Nakuuliza: zile 360,000 za viti, nani alizitoa? Ulipompa mwenye harusi bei, hukumwandikia viti pembeni? Kama ulimwandikia, basi hela ile haikuwa yako hata siku moja. Ilipita mkononi mwako kwenda kwa mwenye viti. Maturubai vivyo hivyo. Katika ile 1,756,000 inayokuchoma moyo, 920,000 zililipwa na wenye shughuli. Iliyotoka kwenye jasho lako ni ya sufuria peke yake, kwa sababu hakuna mteja anayekubali kuandikiwa "sufuria" kwenye bei. Kwake yeye mpishi anakuja na sufuria, kama kinyozi anavyokuja na mkasi.

Kwa hiyo ukinunua sufuria umepunguza gharama yako. Ukinunua viti umefungua biashara nyingine, ya kukodisha viti. Si mbaya, lakini ijue kwa jina lake, na ujiulize kama unaitaka.

Sasa angalia siku. Sufuria zimetoka mara 38 kwa mwaka. Seti ya 760,000 ukiigawa kwa 22,000 inajilipa kwenye shughuli ya thelathini na tano, yaani kabla mwaka haujaisha, na sufuria nzito hudumu hata miaka kumi. Viti vimetoka mara tisa. Ukivinunua vitalala siku 356, na kwa kazi zako hizo tisa kwa mwaka vitajilipa karibu mwaka wa nne. Kiti cha plastiki kilichopigwa jua la Tanga miaka minne, mkalishe mtu mnene uone. Shambani tulikuwa na desturi: tukitaka kununua mashine, meneja haulizi bei, ananiuliza mimi, "Mwaka jana tuliikodi siku ngapi?" Kulikuwa na pampu moja kila mtu aliitamani, nikafungua kitabu nikakuta ilitumika siku kumi na moja. Haikununuliwa.

La tatu ni mkopo. Umesema wiki kumi na mbili. Fungua kalenda. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inaangukia siku hizo hizo kwa kutegemea mwezi kuandama. Mwaka jana pia zilikuja wiki moja, utakuwa unakumbuka jinsi Machi ilivyokuwa kavu. Waislamu hawaozi mwezi mtukufu, Wakatoliki hawafanyi sherehe Kwaresima. Ukikopa leo, marejesho sita au saba kati ya kumi na mbili yanakukuta huna hata shughuli ya kuku mmoja. Na 130,000 mara kumi na mbili ni 1,560,000. Unalipa laki tatu na sitini zaidi ndani ya miezi mitatu, kwa ajili ya viti vilivyopangwa ukutani. Hao watu siku hizi wanaitwa kausha damu, na jina hawakujipa wenyewe.

Nunua sufuria. Nunua nzito. Mengine endelea kukodi.

---

Turubai_Muheza aliandika:

Mimi ndiye mwenye maturubai, kwa hiyo nina kila sababu ya kumwambia dada asinunue, ataniharibia soko. Lakini nitasema kweli tu.

Dada, turubai unaloliona limesimama ni nusu ya turubai. Nusu nyingine ni vijana wanne wa kulisimamisha saa kumi na mbili asubuhi na kulishusha saa sita usiku, wakati mwenye shughuli ameshalala na vijana wanataka hela yao papo hapo. Kuna vyuma. Kila safari kinapotea kimoja, na kikikosekana kile cha kona turubai zima halisimami. Kuna mvua: likikunjwa bichi usiku ukasema nitalianika kesho, kesho ukapata safari, keshokutwa lina madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote, na mteja wa harusi halitaki tena, unabaki kulipeleka misibani. Na panya! Nimewahi kufungua turubai mbele ya mteja nikakuta kiota.

Halafu hili Mzee wa Daftari hakuligusa. Ukiwa na viti na maturubai, umekuwa ghala la ukoo. Msiba wa jirani utadai hela? Huwezi. Shangazi wa mumeo ana maulidi, atakulipa? Atakuombea dua. Mwaka jana maturubai yangu yalitoka mara sitini na kitu, na kumi na nne kati ya hizo sikupata hata nauli ya guta. Na katika hizo kumi na nne ndimo lilimochanika moja, sikuweza hata kuuliza nani kalichana, kwa sababu ni matanga.

Mpishi asiye na viti anaweza kusema "sina". Hilo neno ni mali, dada. Mimi sina tena ruhusa ya kulisema.

---

FundiZege (Dodoma) aliandika:

Mimi si wa mapishi ila ugonjwa ni huo huo. Nilinunua mikisa ya zege kwa sababu nilichoka kukodi. Zege la slabu namwaga mara nne, tano kwa mwaka. Siku zilizobaki mikisa inakaa uani, kuku wanataga ndani. Kumbe nilichotakiwa kununua ni vibreta, kidude kidogo cha kutikisa zege lishikamane, maana hicho natumia kila msingi na kila nguzo, na cha kukodi mara zote hakina nguvu au mpira umepasuka.

Halafu kuna njia ya kati. Mdogo wangu ana bodaboda ya mkataba. Analipa 60,000 kwa wiki, miezi kumi na mitano, ikiisha pikipiki yake. Ukijumlisha anatoa karibu milioni tatu na laki tisa kwa pikipiki ambayo dukani ni milioni mbili na laki nane. Nikimwambia hivyo ananijibu, "Kaka, milioni mbili na laki nane za siku moja nazipata wapi?" Sina jibu. Akilipa hesabu ya kila siku kwa tajiri asingeipata pikipiki hata miaka kumi. Mama, hakuna muuza sufuria hapo Tanga atakayekubali umlipe kidogo kidogo?

---

BintiKisauni (Mombasa) aliandika:

Dada, huku kwetu sufuria za matanga na harusi hazina mwenyewe mmoja. Mtaa wetu tuna chama cha kina mama ishirini na wawili, kila mmoja alitoa kidogo kidogo tukanunua sufuria, masinia, majamvi na viti. Mwanachama achukua bure, asiye mwanachama alipa, na hizo hela ndizo zanunulia vingine. Vyombo vyakaa kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ina kisebule.

Sikufichi, yataka roho. Sufuria ikirudi na tundu kila mtu yuwasema hakuwa yeye. Na siku mbili zikigongana, harusi kwa huyu na arobaini kwa yule, hapo ndipo utajua ujirani wenu ni wa kweli au ni wa salamu tu. Sisi tuliamua maiti yatangulia harusi, basi. Lakini kwa mpishi wa biashara kama wewe sidhani yafaa, maana wataka sufuria kila Jumamosi, na wenzio watanuna.

---

Kaka_Mkavu aliandika:

Nimesoma. Mzee kaongea, lakini nyote mnasahau kitu kimoja. Yeye kaulizwa na wateja viti mara tisa kwa sababu hana viti. Akiwa navyo ataulizwa mara tisini. Mimi sikuhesabu nimekodi mara ngapi, nilihesabu mtaa una harusi ngapi.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Kaka_Mkavu, umesema jambo la maana na sikupingi. Nakuuliza moja tu: wewe ni mpishi?

---

Kaka_Mkavu aliandika:

Hapana mzee. Ni viti, maturubai na muziki tu. Chai yenyewe sijui kupika.

---

MwikoMrefu aliandika:

Hahaha! Mzee wangu shikamoo, umemshika. Nimecheka peke yangu jikoni, mwanangu akaja kuuliza mama kuna nini.

Mzee, lile la viti kulipwa na mwenye shughuli limeniondolea usingizi. Nimerudi kwenye daftari nikakuta ni kweli. Viti nilikuwa namwandikia mteja 500 kimoja, nakodi kwa 400, yaani nilikuwa napata faida kwenye kiti nisichokinunua, na bado nalia kwamba vinanimaliza! Faida ya shilingi mia kwa kiti, viti mia, mara tisa, 90,000. Sikuwahi kuiona kama hela.

FundiZege mwanangu, ya kulipa kidogo kidogo ipo, kuna mama anapitisha vyombo nyumba kwa nyumba, lakini sufuria zake ni zile zile za kukunja. Kulipia kidogo kidogo kitu ambacho kitatoboka kabla hujamaliza kulipia, mimi hapana.

Swali dogo kwa wote. Majiko? Sasa hivi napikia kuni na mkaa, lakini kumbi mbili za mjini hazitaki tena moshi uani kwao. Nakodi majiko mawili makubwa ya gesi pale inapobidi, 10,000 kila moja.

---

Turubai_Muheza aliandika:

Hizo kumbi zitaongezeka, dada. Serikali nayo imeshasema kufika 2034 inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia. Ni mara ngapi kwa mwaka umekodi hayo majiko?

---

MwikoMrefu aliandika:

Mara sita. Kwa desturi ya Mzee wa Daftari nimeshajua jibu, siyo? Nisubiri zifike mara ishirini.

Ila mtungi nitanunua, ule wa kilo 38. Huo nao ni kioja, mkiufikiria. Unaununua kwa hela nyingi unasema wangu, kisha ukiisha unampa muuzaji anakupa mwingine uliochubuka zaidi. Miaka saba jirani yangu anasema "mtungi wangu" na haujawahi kuwa mmoja.

Na kupalia mkaa juu sitaacha hata kama chini ni gesi. Wenye kumbi watanivumilia kwa beseni moja la mkaa.

---

BintiKisauni aliandika:

Dada, na sufuria nzuri waijuaje? Nataka nami ninunue moja yangu, niwache kugombana na chama.

---

MwikoMrefu aliandika:

Bibie, kwanza ninyanyue kwa mkono mmoja. Ikinyanyuka kirahisi naiacha. Pili natazama mahali kitako kinapokutana na ubavu, ndipo panapotoboka mwanzo, pasiwe pembamba na pasiwe na kona kali, mwiko unatakiwa upite pale kama gari kwenye mzunguko. Wali unaokwama kwenye kona ndio unaoungua na kutia harufu punje zilizobaki. Tatu masikio. Sufuria yenye kilo ishirini za mchele, nyama na maji inabebwa na wanaume wawili kwa mti, sikio likichomoka mtu anaungua miguu. Nataka sikio lililopigwa ribiti nne, mbili sizitaki. Mwisho mfuniko. Muuzaji akikwambia mfuniko unauzwa mbali, jaribu hapo hapo, ufunike, uuzungushe. Ukicheza, ondoka.

Na usinunue inayong'aa ukadhani ndiyo nzuri. Mimi napenda zile nzito za kusubu, zina rangi ya kijivu kama mvua. Zinachelewa kushika moto, lakini zikishika zinashika kote, hazina pahali pa moto na pahali pa baridi.

---

FundiZege aliandika:

Nimejifunza zaidi kuhusu sufuria leo kuliko mikisa miaka yote. Mama, vunja jungu inakaribia. Dodoma unaleta?

---

MwikoMrefu aliandika (Aprili):

Nimerudi. Wengine mmeniuliza pembeni nilifanya nini.

Mkopo sikuchukua. Yule kijana wa mikopo alinipigia simu siku nne mfululizo, ya tano nikamwambia tarehe ya Kwaresima akakata.

Sufuria nimenunua saba. Kubwa mbili nilizifuata Dar, Gerezani, kwa mafundi, 175,000 moja. Nilikaa pale nusu siku mpaka wakanibadilishia masikio. Kondakta wa basi alinidai nauli ya sufuria kama abiria, tukashindana mpaka Chalinze. Kubwa ya tatu na zile za kati nilizipata hapa hapa Tanga. Jumla na safari laki nane na nusu kasoro kidogo. Nimezipiga alama kwa msumari chini ya kila sikio, nukta tatu, hata ikizama baharini nitaijua.

Wiki mbili za mwisho kabla ya mfungo nilipika shughuli saba, mbili siku moja. Sufuria zikilala mlangoni kwangu tangu Alhamisi, nikawa naziangalia tu. Yule mwenye vyombo wangu wa zamani alinipigia simu, si mimi niliyempigia. Alitaka kukodi kubwa mbili! Nikamwambia zimetoka. Zilikuwa ndani, Mungu anisamehe.

La ghala la ukoo, Turubai_Muheza ulisema kweli tupu. Sufuria hazijamaliza wiki, wifi yangu kaja. Nimeweka kanuni: za kati nne, msibani zinatoka bure, hilo sibishani na mtu. Zile kubwa tatu haziendi popote peke yake. Anayezitaka anichukue na mimi. Wifi kanuna siku tatu, ya nne akanileta nipike hitima ya baba yao, na akanilipa.

Chumba cha uani kimeezekwa kwa hela iliyobaki. Mume wangu aliingia na mkeka wake siku ya kwanza akakuta sufuria zimeshatangulia. Tumegawana: yeye upande wa dirisha.

Turubai_Muheza, Jumamosi ya tarehe 18 nina harusi Makorora, watu mia tatu. Nataka maturubai mawili na viti mia mbili, na vijana wa kusimamisha wawe wako. Yapo? Na tafadhali kile chuma cha kona kiwepo.